Kiraka cha Saa ya Ramadhani

Katika mji mzima wa Fes, Bouchta ndiye mtu pekee aliyefurahi serikali ya nchi ya mbali ilipobadilisha saa zake. Akisikia redioni asubuhi kwamba kisiwa fulani cha Pasifiki, chenye wakazi wasiotosha kujaza hata soko la ngozi, kimeamua kusogeza saa zake nusu saa mbele, aliacha mkate mezani, akavaa jalabia ya sufu juu ya koti na kushuka ofisini kwa mwendo wa mtu aliyeachwa na treni. Wenziwe wa rika walikimbilia hospitali, au mahakamani kugombea nyumba za marehemu. Yeye alikimbilia saa za watu asiowajua.

Kampuni yake ilitengeneza vibao vya saa vya misikitini, vile vya taa nyekundu vinavyoonyesha saa, tarehe na nyakati za sala tano. Ndani ya kila kibao mlikuwa na programu, na ndani ya programu hiyo mlikuwa na sehemu kubwa ambayo kampuni haikuiandika. Iliazimwa. Ilikuwa msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, wa saa za dunia nzima: nani ametangulia, nani amechelewa, nani hurudisha saa nyuma majira ya baridi na nani amekataa katakata. Aliyeuandika ni mtu mmoja anayeitwa Zurab, wa mji wa Kutaisi huko Georgia, ambaye aliuweka hadharani ili kila atakaye achukue bure. Vibao vya Fes havikuwa na haja yoyote na visiwa vya Pasifiki, lakini msimbo haukatwi vipande kama kuku. Ukiuchukua, unauchukua wote. Na ukishauchukua lazima uende nao: mwenyewe akirekebisha kule kwenye chimbuko, nawe urekebishe huku, ama sivyo utabaki na saa za dunia iliyokwisha pita.

Basi kila Zurab alipotoa toleo jipya, Bouchta alilichukua, akalilinganisha na la zamani mstari kwa mstari, akang'oa la zamani na kupandikiza jipya, kisha akalisambaza kwa intaneti hadi kwenye vibao vyote. Kuoanisha, ndivyo kazi yenyewe ilivyoitwa. Kompyuta ingeweza kuifanya peke yake huku watu wamelala, kama si kiraka.

Kiraka kilikuwa cha Bouchta. Moroko hurudisha saa moja nyuma Ramadhani ikikaribia, na kuirejesha mfungo ukiisha. Ramadhani hufuata mwezi, na msimbo wa Zurab ulijua jua na serikali tu, mwezi haukuujua. Kwa hiyo Bouchta, enzi hizo nywele zake zikiwa bado nyeusi, aliandika mistari michache ya saa ya Ramadhani na kuishona katikati ya msimbo wa Zurab. Wanaoijua kazi hii hawapendi hivyo. Msimbo wa mwenzio huugusi. Ukiona tundu unampelekea mwenyewe kiraka akishone kwake, nawe unakipata ndani ya toleo linalofuata kama watu wengine.

Bouchta hakukipeleka. Si kwa kusahau.

Kila toleo lilipokuja, kiraka kiligongana na kitu. Zurab alikuwa mtu wa kuhamahamisha mistari, kama mwanamke anayebadilisha mpangilio wa sebule kila mgeni akiondoka. Kompyuta iligoma. Iliweka mstari wa Zurab juu na wa Bouchta chini, ikauliza ubaki upi. Hapo Bouchta alipata haki ya kwenda kwenye ukurasa wa maswali wa Zurab na kuandika: "Bwana Zurab, mstari huu umehama kwa nini?" Na Zurab alijibu. Aliandika Kifaransa kinachotembea kwa magongo, mistari miwili kuhusu msimbo, ishirini kuhusu mengine: goti lake, jirani aliyekata mzabibu uliovuka ukuta, mke aliyekwenda Italia kumsaidia binti yao kwa wiki chache na wiki zenyewe zikazaa miaka. Bouchta naye alijibu kuhusu goti, akaongeza na la kwake. Swali moja la mstari mmoja liliweza kuwaweka mpaka mwezi mzima.

Hakuwa na mwingine wa kumwuliza jambo akajibiwa hivyo. Mkewe Ijja alishatangulia mbele ya haki. Mwanawe alikuwa Lyon na alipiga simu siku za sikukuu, huku anaendesha gari. Ofisi nayo ilihamia Casablanca. Panya ndio waliotangulia, wafanyakazi wakafuata. Bouchta aliachwa na kompyuta moja, kibao kimoja cha majaribio ukutani na baridi iliyopoza chai kabla haijamiminwa.

Bosi sasa alikuwa Ghita, binti wa mwenye kampuni, ambaye Bouchta alimbeba mgongoni alipokuwa bado anakula chaki. Alipiga simu kila mwaka Ramadhani ikikaribia.

"Ammi Bouchta, kile kiraka umeshampelekea mwenyewe?"

"Nitampelekea, binti yangu."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo."

"Basi unaona, mimi si kigeugeu."

"Ammi, sikiliza. Akikikubali, mashine ya hapa Casa itaoanisha yenyewe kila toleo likitoka. Wewe upumzike."

"Nipumzike nifanye nini?"

"Watu wanapumzika tu, jamani."

"Nimewaona. Wanakaa mkahawani wanaitazama barabara. Nilijaribu Jumamosi moja. Mpaka adhuhuri barabara ilikuwa haijafanya lolote."

Ghita alicheka, akasema hana wakati wa kubishana, akakata. Bouchta alijua kiraka kikishonwa kule Kutaisi, hakutakuwa na mgongano. Pasipo mgongano hakuna swali, na pasipo swali mtu hana sababu ya kumsumbua mzee wa watu anayeuguza goti.

Mwaka huo toleo la Zurab lilitoka wiki kadhaa kabla ya Ramadhani, siku ya mvua ya mawe, mawe makubwa hata punda wa wabeba mizigo walikataa kutoka bila kofia. Bouchta alipika chai, akasogeza kiti, akawasha kuoanisha na kukunja mikono. Alikuwa ameandaa hata salamu. Alitaka kumweleza Zurab kwamba goti la mwaka huu ni la kushoto.

Kompyuta haikugoma.

Mistari ilipita, myeupe myeupe, hadi mwisho, halafu ikaandika kwamba hakuna mgongano wowote. Bouchta alifuta, akarudia tangu mwanzo. Hakuna mgongano. Akaangalia kiraka chake: kiko pale pale, salama, na mistari yote ya jirani haikuguswa hata nukta. Zurab aliyehamisha kila kitu kila mara, safari hii alikipitia kiraka kwa mbali kama mtu anayemkwepa mdai wake sokoni.

"Haya," Bouchta aliiambia kompyuta. "Amechoka na mimi."

Kwa desturi alisoma maelezo yote ya Zurab, yale anayoyaandika chini ya kila badiliko, kwa sababu Zurab alipachika humo hali ya hewa na habari za mzabibu. Siku hiyo hakusoma hata neno. Alikuwa kama mtu aliyevaa vizuri akaenda harusini, akafika mlangoni akaambiwa jina lake halimo. Alibonyeza, toleo likaenda kwenye vibao vyote vya Fes, Meknes na Sefrou, naye akafunga ofisi saa tisa mchana na kwenda kulala na viatu.

Ikafika Jumapili ambayo Moroko hurudisha saa nyuma. Bouchta alikuwa nyumbani anamenya vitunguu simu ilipolia. Alikuwa Si Maati (“Si” huko ni kama “Bwana”), mwadhini wa msikiti wa mtaani kwake.

"Si Bouchta, huko kwako ni saa ngapi?"

"Saa sita na nusu imepita."

"Hongera. Hapa msikitini ni saa tano na nusu."

Bouchta aliweka kisu chini. "Umeangalia vizuri, Si Maati?"

"Sijaangalia mimi tu. Msikiti mzima unaangalia. Wengine wamekuja na watoto."

"Adhana umetoa?"

"Nimetoa, na kwa wakati wake. Kibao kimeniambia adhuhuri imeingia, na kweli imeingia, jua nimeliona mwenyewe. Ila kinasema imeingia saa tano na nusu! Jua sawa, adhana sawa, kibao ndicho kinaishi mji mwingine."

Nyuma yake sauti zilikuwa zinacheka. Mtu mmoja alipaza sauti: "Mwulize kama na umri unarudi nyuma, mimi nasimama foleni!"

"Unawasikia?" alisema Si Maati. "Haj Lebbar ameweka saa yake ya mkono sawa na kibao. Sasa yuko ukumbini anagombana na mkewe kwenye simu. Anaapa hajachelewa chakula, anamwambia wewe ndiye una haraka."

"Naja sasa hivi."

"Usije. Watakucheka mpaka Idi. Wewe kitengeneze tu hukohuko ulipo, kabla Haj Lebbar hajapewa talaka."

Bouchta alikwenda ofisini vitunguu vikimnukia mikononi. Kibao cha majaribio ukutani nacho kilikuwa nyuma. Saa moja ya serikali kilikuwa kimeirudisha kama ilivyopasa, kisha kikarudisha nyingine, ya nani haijulikani. Alifungua msimbo, akaanza kusoma maelezo aliyoyaruka. Zurab alikuwa ameongeza faili zima jipya, mbali kabisa na mahali kiraka kilipo, na chini yake ameandika kwa Kifaransa chake cha magongo:

"Hii ni kwa rafiki yangu Bouchta wa Fes. Miaka yote namwona anahangaika na saa ya Ramadhani kila nikitoa toleo, na yeye ni mtu wa adabu, hajawahi kuniomba nimsaidie. Nimekaa na kalenda za mwezi tangu mavuno ya zabibu. Sasa Moroko imo. Nimeiweka kwenye faili lake peke yake ili isimgonge mahali popote. Asipate taabu tena."

Bouchta aliyasoma tena. Akavua miwani, akaifuta kwa jalabia, na vitunguu vikamwingia machoni, au ndivyo ambavyo angesema kama pangekuwa na mtu wa kumwambia.

Mambo yalikuwa wazi. Zurab amerudisha saa moja, kiraka cha Bouchta kimerudisha saa moja juu yake, na Fes nzima ikawa saa mbili nyuma ya jana. Mmoja lazima atoke. Dawa yenyewe ilikuwa ya dakika chache: afute mistari yake, basi.

Hakuifuta. Aliuweka mkono kwenye kibodi, na mkono ukaandika kitu kingine. Uliandika kiraka kipya, cha kulizima faili la Zurab. Kingefanya kazi vizuri tu. Kiraka cha zamani kingebaki, faili la Zurab lingelala, na kila toleo jipya lingegongana na vyote viwili, mwaka huu, mwaka ujao na mingine itakayofuata kama Mungu angependa. Maswali mawili badala ya moja! Bouchta aliandika haraka, ulimi nje kidogo, kama mwanafunzi anayenakili.

Simu ikalia. Ghita.

"Ammi Bouchta! Nimepigiwa simu kutoka Meknes na Sefrou. Kuna nini huko?"

"Zurab ametia saa ya Ramadhani kwake. Yangu nayo ipo. Zimejumlishana."

"Ametia mwenyewe? Alhamdulillahi! Kumbe ulimpelekea."

"Sikumpelekea. Ameshona tu."

"Haidhuru. Toa yako basi, mambo yaishe."

"Naweza pia kuitoa ya kwake."

"Ya kwake? Ammi, ya mwenyewe, iliyoko kwenye chimbuko? Ili iweje?"

"Yangu imezoea."

"Imezoea nini?"

Bouchta alitazama kibao ukutani. Angeweza kumpa Ghita hadithi. Hadithi anazo, angemwambia kwamba msimbo wa kigeni hauivi kwenye hali ya hewa ya Fes, na Ghita angecheka na kumwacha. Ilikuwa imeshamfika mdomoni. Lakini mbele yake kwenye skrini yalikuwa yale maneno, asipate taabu tena, na mara akamwona yule mzee na goti lake, meza imejaa kalenda za mwezi wa watu wa dini nyingine, anahesabu.

"Hakuna," alisema. "Naitoa yangu."

"Ammi, uko salama?"

"Niko salama. Ni vitunguu."

Alikifuta kiraka kipya kwanza, halafu akakifuta cha zamani. Mistari yenyewe michache, ilitoweka kimya, haikuacha hata alama. Kisha akalinganisha msimbo wa kampuni na msimbo wa Zurab, faili kwa faili, na kompyuta ikamwandikia maneno ambayo haikuwahi kumwandikia tangu waanze kufanya kazi pamoja: hakuna tofauti. Huku na kule ni kitu kimoja. Ukivichanganya, hata malaika asingejua kipi cha Fes na kipi cha Kutaisi. Watu wa kazi hii hutamani kuyaona maneno hayo maisha yao yote. Bouchta aliyatazama kama mtu anayetazama nyumba iliyohamwa: imefagiliwa vizuri, haina kosa.

Kabla ya alasiri vibao vilikuwa sawa. Si Maati alipiga tena. "Imerudi, Mungu akubariki. Haj Lebbar anakusalimia. Mkewe hakusalimii."

Jioni hiyohiyo Bouchta alimwandikia Zurab. Alimshukuru, akamweleza kilichotokea, saa mbili, Haj Lebbar na mengineyo, na akiwa amezoea kumaliza kwa swali, alitafuta swali akakosa. Akaandika tu: "Sasa kila kitu ni sawa." Zurab alijibu kesho yake. "Nimefurahi sana, rafiki. Nimecheka, mpaka goti limecheka. Kwa kuwa kila kitu ni sawa, naufunga ukurasa huu." Na kweli aliufunga, kwa heshima zote, kama wanavyofunga watu wa kazi hiyo jambo likiisha. Chini ya maneno yake palitokea alama ya rangi ya zambarau iliyoandikwa “Imefungwa”, na sehemu ya kuandikia ikatoweka.

Ghita naye alituma ujumbe kwamba mashine ya Casa imeshaunganishwa na chimbuko, itaoanisha yenyewe kuanzia sasa, na kwamba ufunguo wa ofisi Bouchta abaki nao, hakuna anayeuhitaji.

Siku ya kwanza ya mfungo alikwenda ofisini hata hivyo. Alikaa. Toleo jipya lilitoka siku hiyo, nchi moja ya Amerika ya Kusini ilikuwa imebadilisha mawazo, na Bouchta alilitazama linapita lenyewe kutoka Kutaisi kwenda Casa, kutoka Casa kwenda kwenye vibao, bila kugusa ofisi yake popote. Lilipofika, kibao cha ukutani kilipepesa mara moja kama jicho lililoingiwa na vumbi, kikaendelea.

Magharibi ilipokaribia alinunua supu ya harira kwenye duka la chini, ndani ya kopo, na tende za kwenye karatasi. Mwenye duka alikuwa anashusha mlango ili awahi kwake. "Na wewe uwahi, Si Bouchta," alisema, "watu wako wanakungoja mezani." Bouchta alisema ndiyo, wananingoja, akapanda ngazi.

Barabara ilinyamaza ghafla, kama inavyonyamaza dakika zile, gari hakuna, mtoto hakuna, punda hakuna. Adhana ilitoka misikitini kote kwa wakati mmoja, sekunde kwa sekunde. Bouchta alitafuna tende, akanywa maji, akavuta kompyuta karibu na kopo la supu. Akafungua ukurasa wa maswali wa Zurab, ukurasa mpya.

Ukurasa ulitaka kichwa cha tatizo kwanza. Pasipo kichwa haupokei kitu. Bouchta aliandika: "Kuna mgongano." Akaufuta. Akaandika kwamba kuna mstari mmoja anaoutilia shaka, akaufuta nao, kwa kuwa mstari wenyewe haukuwepo na Zurab angeutafuta wiki nzima kwa uaminifu. Alikula kijiko cha harira. Nje, ndani ya kila nyumba, watu walikuwa wanapitishiana mikate.

Mwisho akaandika kwenye kichwa: "Hakuna tatizo." Chini yake akaandika: "Bwana Zurab, hapa Fes tumefuturu sasa hivi. Huko kwenu ni saa ngapi?"

Alijua vizuri ni saa ngapi. Ilikuwa saa nne na nusu ya usiku Kutaisi, na hakuna mtu duniani aliyeijua saa ya Kutaisi kuliko hao wawili. Aliusoma ujumbe wake mara ya mwisho, akarekebisha nukta moja, akautuma. Kisha akasogeza kopo, akala harira yake polepole, macho kwenye skrini.